Ukoo wa CYP79 kwenye muhogo: kazi inapokwama, chanzo kiko wapi

Wanafunzi wa Bukavu wanaonijia na memwari, kazi yao ya kumaliza chuo, kuhusu CYP79, ukoo wa jeni unaoanzisha utengenezaji wa sumu ya muhogo, huanza na swali lilelile: "Yaya (dada mkubwa), jeni ni ngapi?" Nami huwarudishia swali langu: ni ipi inayotengeneza sumu kwenye sombe, majani ya muhogo, anayotwanga mama yako? Idadi ataipata yeyote mwenye kompyuta na mega za intaneti za kutosha. Kazi iko kwenye kuzijua moja moja, na karibu kila mkwamo nitakaoueleza hapa chini nimeuona ukianzia kwa mtu aliyehesabu kabla ya kufungua na kusoma.

Kwanza njia yenyewe, kwa kifupi. Muhogo hutengeneza linamarini, kemikali inayozaa sumu ya sianidi, kutoka kwenye asidi amino ya valini, na kiasi kidogo cha ndugu yake lotaustralini kutoka kwenye isoleusini. Hatua ya kwanza hufanywa na vimeng'enya viwili vya sitokromu P450, yaani CYP79D1 na CYP79D2. Watafiti wa Denmark walizitenga jeni zao na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Kisha hupokea kimeng'enya cha CYP71E7, kisha UGT85K4 na UGT85K5 hubandika sukari. Hizi tatu zilielezwa mwaka 2011. Linamarini iliyokamilika huhifadhiwa ndani ya seli, na kimeng'enya kinachoivunja, linamarasi, hukaa kwenye kuta za seli. Jani zima halina shida. Likitwangwa, viwili hivyo vinakutana na sianidi inatoka.

Nchi yetu ya Kongo inaijua sianidi hiyo kwa ugonjwa unaoitwa konzo. Daktari Giovanni Trolli aliueleza ugonjwa huo kwa maandishi mwaka 1938, akiuelezea kutoka Kwango: miguu inakakamaa ghafla na haiponi, hasa kwa watoto na akina mama wanaokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, bila samaki wala maharage ya kuusindikiza. Kwa hiyo mwanafunzi anaponiambia jeni fulani "haina umuhimu" kwa sababu mchoro wake ulitoka vibaya, namrudisha mezani tuanze upya.

Orodha imekuwa ndefu mno

Dalili: ulitegemea jeni chache, programu imekupa mistari mia tatu na ushee.

Chanzo ninachokutana nacho mara nyingi ni nakala za RNA. Jeni moja inaweza kukatwa na kuungwa kwa namna kadhaa, na kila namna inaandikwa kwenye faili kama protini yake, yenye .1, .2 au .3 mwishoni mwa jina. Ukihesabu mistari, umehesabu mavazi ukaacha watu. Kwenye Phytozome, hifadhi ya mtandaoni ya jenomu za mimea, kuna faili lililobakiza nakala kuu moja kwa kila jeni, tumia hilo.

Chanzo cha pili ni kirefu kidogo, na kinawapata hata waliozoea. Muhogo huku kwetu hatuupandi kwa mbegu, tunakata shina. Kwa hiyo tofauti kati ya kromosomu iliyotoka kwa baba na iliyotoka kwa mama zinabaki humo miaka na miaka. Jenomu za siku hizi, kama ya aina ya muhogo TME 204, zimesomwa kwa kutenganisha pande hizo mbili. Ukitafuta humo bila kuangalia, jeni moja itakutokea mara mbili, kila upande na yake, na utaandika kwamba ukoo umeongezeka. Angalia mahali: zikiwa kwenye kromosomu ileile, majirani walewale kushoto na kulia, hiyo ni jeni moja yenye sura mbili. Kwa anayeanza napendekeza jenomu ya AM560-2. Mmea huo ulitoka CIAT, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko Colombia, na ulichavushwa wenyewe kwa wenyewe vizazi kadhaa hadi tofauti hizo zikapungua sana.

Chanzo cha tatu: umetafuta kwa programu ya HMMER ukitumia kielelezo cha familia ya protini, PF00067. Kielelezo hicho kinaita P450 zote, na P450 ni taifa zima. Mmea mdogo wa Arabidopsis peke yake una kama 245. Kuwa kwenye PF00067 hakumfanyi mtu awe CYP79. Kanuni ya majina, ambayo David Nelson ndiye aliyeitunza kwa miaka mingi, inasema hivi: protini zinazofanana kwa zaidi ya asilimia 40 huwekwa kwenye familia moja, na zaidi ya asilimia 55 kwenye tawi moja la familia hiyo. Ndiyo maana 79 inafuatwa na herufi D. Pitisha orodha yako kwenye kanuni hiyo kwanza, na utashangaa jinsi itakavyonyauka. Na usizibatize upya zile zenye jina tayari. Nimesoma memwari iliyoita CYP79D2 kwa jina jipya lenye namba ya mwandishi, na hakuna aliyegundua kwamba jeni hiyo ilikuwa imechunguzwa kwa miaka ishirini.

Kuhusu mtandao: usifanye utafutaji huu moja kwa moja kwenye tovuti ukiwa Bukavu mchana. Pakua faili la protini zote usiku, mara moja tu, kisha kila kitu ukifanye kwenye kompyuta yako. Umeme ukikatika katikati, unaanzia ulipoishia.

Jeni unayoijua haimo

Hii ni dalili ya kushukuru, kwa sababu inakuonyesha kosa lako mwenyewe. Ukoo wa muhogo usiokuwa na CYP79D1 au CYP79D2 ni ukoo uliochujwa vibaya, basi.

Mdogo wangu mmoja wa mwaka wa mwisho alikuwa amechuja vizuri sana, kwa maoni yake. Alijua kwamba P450 zote zina mahali panaposhika hemi, ile sehemu yenye chuma, na kwamba mahali hapo vitabu hupaandika FxxGxRxCxG. Aliagiza kompyuta itupe kila protini isiyo na mpangilio huo kamili. CYP79 zote zikatoweka. Tulikaa nje ya maabara, tukafungua mfuatano wa CYP79A1 ya mtama kwenye simu yake na kuusoma kwa kidole, herufi kwa herufi, tukielekea mwishoni: …S F S T G R R G C I A A… Hesabu kuanzia F. F ipo, G ya nne ipo, R ya sita ipo, C ya nane ipo. Ya kumi ilitakiwa kuwa G. Ni A.

Hiyo A ni alama ya ukoo wenyewe. Chujio lilikuwa linawafukuza wenye nyumba kwa kuwa hawafanani na jirani. Weka FxxGxRxC, achia hapo, kisha wasome waliobaki kwa macho yako.

Sababu nyingine ya jeni kupotea ni kwamba kompyuta iliyotabiri jeni ilikata mahali pasipo pake. P450 ya mmea huwa na asidi amino kama 500. Ukikuta ya 230, au ya 980, simama hapo. Ya 230 yaweza kuwa nusu ya jeni, na nusu nyingine imeandikwa jina jingine hatua chache mbele. Ya 980 mara nyingi ni jeni mbili jirani zilizounganishwa kimakosa. Tafuta kwa tblastn, yaani protini dhidi ya DNA ya jenomu yenyewe, uone vipande vinaangukia wapi. Jeni za kundi la A, ambamo CYP79 imo, mara nyingi zina introni moja tu, kipande kinachokatwa kwenye RNA. Ukiona introni sita, shuku utabiri kabla ya kutangaza ugunduzi. Na ikiwa katikati kuna alama ya kusimama ambayo hakuna namna ya kuikwepa, hiyo ni jeni iliyokufa. Iandike hivyo. Wafu nao ni wa ukoo, lakini hawahesabiwi pamoja na walio hai.

Mti wa nasaba hausimami

Matawi yamechanganyikana, jeni ya mtama imelala katikati ya za muhogo, tawi moja limerefuka kama mlingoti. Kabla ya kubadilisha programu, fungua mpangilio sambamba wa mifuatano uutazame. Tisa kwa kumi utakuta vile vipande vya 230 ulivyoviacha viingie. Viondoe, panga upya kwa programu ya MAFFT, jenga tena.

Ukitumia IQ-TREE, programu ya kujenga miti ya nasaba, kwa njia yake ya haraka ya kupima uthabiti wa matawi, zile namba hazisomwi kama za zamani. Kwa njia ya zamani watu waliridhika na 70. Kwa hii ya haraka, tawi chini ya 95 usilitegemee. Nimeona mabishano mazima yakijengwa juu ya tawi la 78.

Weka pia wageni wa kukusaidia kupima: CYP79A1 ya mtama, inayoanza na tirosini, CYP79B2 ya Arabidopsis, inayoanza na triptofani, CYP79D3 na D4 za Lotus japonicus. Mpira, ule wa Hevea, ni ndugu wa karibu wa muhogo na nao hutengeneza linamarini, kwa hiyo jeni zake zinatakiwa kukaa jirani na za muhogo. Zisipokaa hapo, tatizo ni lako.

Ukipiga hesabu ya Ka na Ks, yaani mabadiliko ya DNA yanayobadilisha protini na yasiyoibadilisha, ukapata matokeo ya ajabu, angalia mambo mawili tu. Je, DNA ilipangwa kwa kufuata herufi tatu tatu za protini? Na Ks imezidi 2? Ikizidi hapo, mabadiliko yamerundikana juu ya mengine kiasi kwamba namba haina maana tena.

RNA imetoka ya kahawia, inavutika kama mlenda

Jani la muhogo limejaa sukari ndefu na tanini. Ukilisaga kwa njia ya kawaida, chini ya kichupa utakuta donge la rangi ya chai, na ukiligusa kwa ncha linafuata. Kwenye kipimo, uwiano wa 260/230, unaofichua uchafu wa sukari, unashuka chini ya 1, ingawa ule wa 260/280, unaofichua protini, unaweza kukudanganya kwa kuonekana mzuri.

Punguza jani. Hilo huwa gumu kuaminika, maana mtu akikosa RNA huongeza jani. Miligramu 50 za jani changa, lile la tatu au la nne kutoka juu, zinatoa RNA safi kuliko 200 za jani pana la chini. Tumia mchanganyiko wa kutolea RNA wa CTAB wenye PVP ya kunasa tanini, pamoja na merkaptoethanoli, na mwishoni shusha RNA kwa kloridi ya lithi, ambayo huiacha sehemu kubwa ya sukari ndefu na DNA ikielea.

Ikiwa RNA ni safi lakini imevunjika, uliza jani lilitoka wapi. Mwanafunzi mmoja alinunua sombe soko la Kadutu, freshi kabisa kwa macho. Nilimwomba arudi akamuulize muuzaji. Mama akamjibu bila kuficha: "Nilichuma jana magharibi, baba." Jani lililokatwa jana, likafungwa fungu, likabebwa kichwani, likanyunyiziwa maji, limekuwa likijibu majeraha usiku kucha. Jeni zinazowaka humo ni za jani lililoumizwa, na jeni za sumu ni miongoni mwa zile ambazo mmea waweza kuzigeuza ukijeruhiwa. Chuma mwenyewe shambani, saa ileile ya siku kwa mimea yote, na kata vipande vyembamba chini ya nusu sentimita uvitumbukize papo hapo kwenye maji ya chumvi ya kuhifadhi RNA. Naitrojeni kimiminika ni bora, ila usisubiri ipatikane ndipo uanze utafiti. Chembe za silika zinafaa kwa DNA. Kwa RNA usizitegemee.

Na tafadhali: unaposaga majani mengi mabichi, fungua madirisha. Sianidi ya hidrojeni huchemka kwenye nyuzi 26 hivi. Ni gesi kabla hujamaliza kusaga.

D1 na D2 zinafanana kupita kiasi

Hapa ndipo nataka tukae.

Dalili: umepima kwa qPCR, kipimo cha kiasi cha RNA ya jeni, kwenye jani, kikonyo, shina, mzizi. Mchoro wa D1 na mchoro wa D2 ni kama umekunja karatasi katikati. Kila kinapopanda kimoja, cha pili kinapanda kwa kipimo kilekile. Mwanafunzi anaandika: "jeni hizi mbili zinafanya kazi kwa pamoja." Inawezekana ni kweli. Lakini mara nyingi umepima jeni moja mara mbili, au mchanganyiko wa zote mbili mara mbili.

Kuzaliwa kwao kunaeleza sababu. Zamani sana jenomu ya mababu wa muhogo ilijirudufu nzima. Ndiyo maana leo moja iko kwenye kromosomu ya 12 na nyingine kwenye ya 13, na protini zao zinalingana kwa asilimia 85. Ni mapacha. Praima, kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha PCR, ya herufi 20 iliyochaguliwa na programu katikati ya jeni ina nafasi kubwa ya kuangukia mahali ambapo mapacha hawa hawatofautiani, au wanatofautiana kwa herufi moja mwanzoni mwa praima, ambako hakuzuii kitu. Kinachozuia ni tofauti kwenye ncha ya mwisho, ile inayoanzia kurefushwa. Herufi mbili za mwisho zikiwa hazishikani, PCR inasita. Ya mwanzo isiposhikana, inaendelea kama kawaida.

Nilikosea hapa mwenyewe. Praima zangu zilipita kila jaribio nililojua: mstari mmoja kwenye jeli, mkondo wa kuyeyuka wenye kilele kimoja, mteremko wa −3,35, unaoonyesha ufanisi mzuri. Nilifurahi. Halafu, kwa kuwa nilikuwa na nafasi moja iliyobaki kwenye kundi la sampuli za kusomwa, niliingiza zao la praima za D1. Karatasi iliporudi, nusu ya kwanza ya mawimbi ilikuwa safi, kisha ikafika mahali ambapo chini ya wimbi jekundu kulikuwa na wimbi la kijani karibu urefu uleule. Herufi kumi na mbili mbele, tena. Mapacha wote wawili walikuwa ndani ya kichupa. Kilele kimoja cha kuyeyuka hakikuwa kimenidanganya. Vipande viwili vyenye urefu mmoja na herufi zinazokaribiana huyeyuka karibu pamoja. Mimi ndiye niliyekiuliza swali kisichoweza kulijibu.

Tangu hapo nafanya hivi. Napanga D1 na D2 mstari juu ya mstari, nikianzia alama ya kusimama kwenda mbele, kwenye ule mkia wa RNA usiotafsiriwa kuwa protini. Mapacha hutofautiana zaidi huko, kwa kuwa hakuna anayewalazimisha wafanane. Praima moja naiweka huko, ncha yake ya mwisho ikitua juu ya tofauti. Kisha naijaribu kwenye DNA ya plasmidi yenye D1 peke yake na yenye D2 peke yake. Kwa pacha asiye wake inatakiwa ichelewe mizunguko kumi au zaidi. Ikichelewa mitatu tu, inamaanisha inamsoma kwa sehemu moja ya nane, na pacha akiwa mwingi kwenye jani, hiyo moja ya nane inaharibu kila kitu. Mwishoni, zao moja linasomwa herufi kwa herufi kabla ya mchoro wowote kuchorwa.

Waliotumia data ya RNA iliyosomwa na mashine kwa vipande vifupi hawajaokoka. Kipande cha herufi 75 kilichotoka mahali mapacha wanapofanana hakina mwenyewe, na programu hukigawa nusu kwa nusu au hukitupa, kutegemea ulivyoiagiza. Angalia ni vipande vingapi vilivyoangukia mahali pamoja tu katika jenomu nzima.

Kwa nini nasumbua watu kiasi hiki? Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya muhogo ambao jeni hizi zilikatwa kwa CRISPR, mbinu ya kuhariri DNA, katika aina tatu: 60444, TME 419 na TMS 91/02324. Zilipokatwa zote mbili, sianidi ilitoweka kwenye majani na kwenye mizizi. Ilipokatwa D2 peke yake, sianidi ilishuka sana. Ilipokatwa D1 peke yake, haikushuka kwa kiasi cha kuhesabika. Mapacha hao hawafanyi kazi sawa. Praima isiyowatenganisha ingekuambia wako sawa, nawe ungemshauri mkulima au mzalishaji wa mbegu achague yeyote kati yao.

Mambo mengine ya qPCR ni mafupi. Ufanisi uwe kati ya asilimia 90 na 110. Jeni ya kulinganishia isiwe aktini peke yake kwa mazoea. Jaribu kadhaa kwenye sampuli zako, baki na mbili zilizotulia. Weka kichupa ambacho hakikutiwa kimeng'enya cha kugeuza RNA. Kikiwaka mizunguko mitatu tu baada ya sampuli yako, DNA imebaki humo na namba zako ni zake kwa sehemu.

Mzizi ni mchungu, jeni iko kimya

"Yaya, mzizi una sianidi nyingi lakini D1 na D2 hazionekani. Nimeharibu RNA?"

Pengine hujaharibu chochote. Linamarini nyingi hutengenezwa juu, kwenye majani na vikonyo, kisha husafirishwa kushuka mzizini. Majaribio ya 2003 yalizima jeni hizi kwenye majani, na linamarini ya mzizini ikaporomoka kwa asilimia 99. Kwa hiyo kupima jiko lililozimwa chumbani wakati chakula kinapikwa uani hakukuambii nani amepika. Pima kikonyo na jani changa la mmea uleule, siku ileile.

Dalili ya pili inafuatana na hii. Umepima vizuri, majani, mapacha wametenganishwa, na D1 na D2 ziko sawa kwenye muhogo mchungu na kwenye mtamu. Wengi hukata tamaa hapa. Usikate. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 2021, uliolinganisha herufi za jenomu na kiasi cha sianidi kwenye mihogo mingi, haukuangukia juu ya CYP79D. Uliangukia kromosomu ya 16, kwenye jeni ya msafirishaji wa aina ya MATE, na mahali pengine kromosomu ya 14. Yaani uchungu wa mzizi unaweza kuamuliwa na mbebaji kuliko mpishi. Kama data yako inasema vimeng'enya viko sawa, iandike kwa ujasiri, kisha pima huyo mbebaji.

Kuna chanzo cha shambani pia ambacho maabara haiwezi kukiona. Ukame huongeza sianidi. Muhogo uliochimbwa bonde la Ruzizi mwishoni mwa kiangazi na uliochimbwa juu Walungu kwenye mvua hauwezi kulinganishwa kama aina mbili tu. Ni aina mbili, hali mbili za hewa, na udongo wa namna mbili. Majina nayo yanapotosha. Aliyekupa muhogo uitwao Nambiyombiyo kwenye kilima kimoja na aliyekupa Nambiyombiyo kwenye kingine huenda wamekupa mimea tofauti. Panda zote bustani moja kabla ya kupima, au angalau zichunguze DNA uone kama kweli ni moja.

Karatasi ya pikrati inasema hakuna sianidi

Njia ya karatasi za pikrati, aliyoisambaza Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, ni rahisi na inatufaa sana hapa: sampuli kwenye kichupa, karatasi ya njano ikining'inia juu yake, unafunga, unangoja saa 16 hadi 24. Sianidi ikitoka, njano inageuka kuelekea kahawia. Ukiwa na spektrofotomita unailoweka karatasi kwenye maji nusu saa na kusoma kwenye nanomita 510.

Karatasi ikibaki njano kwa sampuli ambayo unajua si salama, uliza ilipikwa? Sombe iliyochemshwa na unga uliokaushwa kwenye joto kali vimepoteza linamarasi yao. Linamarini ipo palepale, ila hakuna wa kuivunja, na karatasi haina cha kuona. Lazima uongeze linamarasi wewe. Kosa hili linanitia hofu kuliko yote, kwa sababu linatoa namba nzuri kwenye chakula kibaya, na tumbo la mlaji linaweza kuivunja sehemu ya linamarini hiyo baadaye. Kikomo cha Codex, kanuni za kimataifa za chakula, kwa unga wa muhogo ni miligramu 10 kwa kilo. Sifuri ya uongo inapita chini ya kikomo hicho kwa raha zake.

Kwa mzizi kuna jambo la ziada. Linamarasi ikishavunja linamarini, kinachotoka kwanza ni asetoni sianohidrini, na majani yana kimeng'enya kinachoitwa HNL cha kuimalizia. Mizizi haina HNL ya kutosha. Humo sianohidrini huvunjika yenyewe, ikiwa pH iko juu ya 5 au joto limezidi nyuzi 35. Ugali wa muhogo uliochachuka sana una asidi, kwa hiyo sehemu ya sumu inaweza kubaki imening'inia hapo katikati. Angalia pH ya sampuli kabla ya kulaumu karatasi.

Kama sampuli iliganda ikayeyuka njiani, seli zimeshapasuka na gesi imeshaondoka. Hiyo chukua upya. Asidi ya pikriki ikikauka inaweza kulipuka, kwa hiyo chupa yake ibaki na maji daima, na mfuniko wake usikwaruzwe ukiwa mkavu.

Halafu kuna baridi yetu. Bukavu iko karibu mita 1.500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa sita au wa saba chumba cha maabara kisicho na kikanza hushuka chini ya nyuzi 20. Kimeng'enya kinasinzia. Saa 16 zilizoandikwa kwenye maelekezo hazitoshi hapo. Weka vichupa kwenye sanduku la povu pamoja na chupa ya maji ya vuguvugu, funika kwa blanketi, na uviache saa 24 kamili. Katika kila kundi tia kichupa kimoja chenye linamarini ya kiasi unachokijua na linamarasi, na kingine kisicho na chochote. Asubuhi, ukikuta ya linamarini imegeuka kahawia, ile tupu imebaki njano, na ya sombe iliyopikwa, uliyoiongezea linamarasi, imebaki njano pia, njano hiyo iandike kwenye daftari.